Gari Lisilotembea: mwongozo kamili wa kutunga na kuigiza mchezo wa safari ya watu wawili

Watu wawili wasiofanana, gari moja, barabara ndefu. Kwa haraka haraka hakuna mchezo wa jukwaani unaoonekana rahisi kama huu: waigizaji wachache, mandhari ni viti viwili, na kundi zima linaenea kwenye gari dogo likialikwa mkoani. Ndiyo maana vikundi vingi huuchagua. Ikifika dakika ya 20 watazamaji wanafungua simu, na lawama zote zinaangukia gari: lingekuwa na milango, lingekuwa na taa za kweli. Mara nyingi gari linasingiziwa. Andiko ndilo bovu, kwa sababu halina kituo hata kimoja ambacho mmoja wa wasafiri angeweza kushuka akaenda zake, naye akabaki kwa hiari. Mpaka kifike kituo hicho, walio garini wanavumiliana tu.

Hapa tunafuata mfano mmoja kuanzia karatasi tupu hadi siku ya kupakia mandhari kwenye gari la mizigo: mchezo wa dakika 75, waigizaji watatu, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Aliye Kenya anaweza kuuhamishia barabara ya Mombasa hadi Malaba bila kubadili mantiki. Njia panda yake itakuwa Mau Summit, pale wa Kisumu wanapoachana na wa Eldoret.

Shida kwanza, watu baadaye

Kosa la mwanzo ni kubuni watu wawili tofauti (tajiri na maskini, mzee na kijana), kisha kutafuta kisingizio cha kuwaweka gari moja. Anza na kisingizio. Kiwe kile ambacho barabara yenyewe inakizalisha.

Barabara yetu inazalisha magari ya IT, yaani "in transit", yanayopita tu nchini kwenda nchi nyingine. Gari lililotumika linashuka bandarini Dar es Salaam likielekea Zambia, Kongo au Malawi, na dereva wa kukodiwa analipeleka mpakani, kisha anarudi kwa basi. Gari hilo haliruhusiwi kubeba abiria. Madereva huwabeba. Kwa hiyo abiria na dereva wana kosa moja la kulificha pamoja tangu dakika ya kwanza, na kila trafiki wanayemkuta anawalazimisha kusema uongo mmoja. Huhitaji kubuni sababu ya wao kuzungumza.

Sasa weka watu. Bibi, miaka 67, mkunga mstaafu, Mngoni, amekosa basi na anawahi mazishi Songea. Atashukia Makambako, njia ya Njombe inapochepuka. Dereva, miaka 26, Mhehe. Ukabila huu haukuwekwa kama pambo. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya 19, na vita hiyo iliacha utani. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya watu, na msibani ndiko anakoruhusiwa zaidi. Utani unawapa wahusika lugha ya ukali isiyo na uadui, nawe unapata mzaha bila kutunga vichekesho. Ukichagua makabila mengine, hakikisha utani wao ni wa kweli. Hadhira ya Songea au Iringa haidanganyiki kwa hilo.

Gawa njia kwa dakika, si kwa kilomita

Dar hadi Tunduma ni takriban kilomita 930. Usijaribu kuzionyesha zote. Chagua vituo saba, kila kimoja kibadilishe kitu kimoja ambacho hakiwezi kurudi kilivyokuwa.

Kibaha hadi Chalinze, dakika 10. Bibi anapanda, wanapatana nauli, trafiki wa kwanza. Dereva anasema, "Huyu ni bibi yangu."

Chalinze hadi Morogoro, dakika 12. Trafiki wa pili anauliza zaidi, na uongo unahitaji nyama: bibi wa upande gani, anaumwa nini. Kila mmoja anabuni, na anachobuni kinamfichua.

Mikumi, dakika 8. Barabara inakata katikati ya hifadhi kwa kama kilomita 50. Kugonga mnyama ni faini, kwa hiyo gari linakwenda taratibu na kimya kinaingia. Kiache kimya kiwepo.

Ruaha Mbuyuni na mlima Kitonga, dakika 15. Hapa ndipo pa kukaa. Vitunguu vinauzwa dirishani, kisha mlima wenye kona unaanza, lori lililoelemewa liko mbele, na hakuna pa kulipita. Dereva anataka kulipita. Bibi anasema, "Subiri." Neno hilo moja, likirudiwa mara nne kwa sauti nne tofauti, lina kazi kuliko kurasa tatu za maelezo.

Iringa usiku, dakika 12. Gesti kwa Bibi. Dereva analala ndani ya gari kulilinda dhidi ya wezi wa vifaa. Simu inaingia: wamezika bila kumsubiri. Dereva anatoka garini kwenda kukaa naye. Asubuhi tairi la akiba na vioo vya pembeni havipo.

Makambako, dakika 8. Hapa ndipo Bibi alipaswa kushuka. Mazishi yamekwisha, hana deni la mtu, basi la Songea limesimama hapo linaita. Anabaki kitini. Hasemi kwa nini, nawe mtunzi usimsemee.

Tunduma, dakika 10. Makabidhiano ya gari lenye upungufu.

Watunzi wengi huiweka sababu ya Bibi kubaki mdomoni mwake: "Wewe sasa ni kama mjukuu wangu." Futa. Hadhira imeshaliona tairi lililoibwa, na inajua ni kwa ajili ya nani Dereva aliliacha gari. Ukiieleza, umewanyang'anya kazi yao.

Daftari la mali

Ndani ya gari kuna vitu vitano ambavyo watu hugombea: dirisha, redio, maji ya kunywa, nafasi ya begi, na mgongo wa kiti (kulala au kukaa wima). Chora mistari saba kwa ajili ya vituo na safu tano kwa ajili ya vitu. Kila kisanduku andika nani anakimiliki kituo hicho, na alikipataje: alinyang'anya, aliomba, alipewa, au kiliachwa tu.

Kituo cha kwanza Dereva anamiliki vyote. Ikifika Kitonga Bibi awe ameshachukua dirisha na redio. Baada ya Iringa neno "alinyang'anya" lisionekane tena. Ukiona safu nzima haibadiliki, kitu hicho kiondoe kwenye mchezo. Ukiona mstari mzima umebadilika kwa mara moja, umewaharakisha. Daftari hili ndilo litakalokuambia kama urafiki unakua, maana mazungumzo yanaweza kukudanganya.

Mazungumzo: mpe kila mmoja mtu wa kando wa kusemeshana naye

Waliokaa bega kwa bega wanaongea na kioo cha mbele. Ni vigumu kumwambia mtu neno zito huku hamtazamani, na ni rahisi pia, inategemea. Kinachosaidia ni kiumbe cha tatu ndani ya gari. Magari mengi yaliyotoka Japani, ukiwasha tu, sauti ya mwanamke inasema kitu kwa Kijapani. Kwa kweli anasema kadi ya malipo ya barabara haijawekwa. Wengi huku hawajui anachosema, lakini kila aliyewahi kupanda gari la namna hiyo ataitambua sauti ndani ya sekunde moja. Itumie hivi:

(Dereva anawasha gari. Sauti ya mwanamke, Kijapani, sekunde nne.)
BIBI: Anasemaje?
DEREVA: Sijui, Bibi. Kila nikiwasha anasema hayo hayo.
BIBI: Na wewe humjibu?
DEREVA: Ni gari, Bibi.
BIBI: Mtu anakusemesha kila siku, humwitikii. Malezi gani hayo?
(Kimya kirefu.)
DEREVA: (kwa gari) Marahaba.
BIBI: Kwani amekuamkia saa ngapi?

Mistari saba, na tayari tunajua Bibi ni nani, Dereva ni mtiifu kiasi gani, na nani atashinda mabishano yote mpaka Mikumi. Sauti hiyo irudi kila wanapowasha gari, isizidi mara tano mchezo mzima. Mara ya mwisho, Tunduma, mtu aliyekuja kupokea gari ndiye anayeliwasha, na wote wawili wanaitikia. Usibuni Kijapani cha uongo. Tafuta gari kwenye yadi, omba uwashe, rekodi.

Redio nayo ina mchezo wake. Redio za Japani nyingi za zamani zinashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Kwa hiyo inanguruma, inashika kituo kimoja, inapotea. Bibi anachoka, anaanza kuimba mwenyewe. Wimbo wa asili wa kubembeleza mtoto hauna mtunzi anayejulikana. Wimbo wa msanii unaovuma una mwenyewe, na utalazimika kumwomba.

Urefu wa andiko usiupime kwa kurasa. Lisome kwa sauti na saa mkononi, mkiwa wawili, bila kuigiza. Usomaji wa dakika 60 utazaa onyesho la 75, kwa sababu kimya, kula, na kushuka garini havisomeki.

Kulijenga gari

Chukua karatasi moja ya plaiwudi, futi 8 kwa 4, unene milimita 18. Kata futi 2 mwishoni. Kipande kikubwa cha futi 6 kwa 4 ndiyo sakafu ya gari, upande wa futi 6 ukielekea watazamaji. Kipande kidogo kinafungwa nyuma, katikati, kama buti: ndipo begi la Bibi linapokaa. Hakuna taka inayobaki.

Fremu iwe ya mbao za inchi 2 kwa 4, zilizosimamishwa kwa ubavu, na vipandio kila sentimita 40. Funga kwa skrubu, si misumari. Waigizaji watatikisika humo kwa saa moja na robo, na mtikiso hung'oa misumari taratibu mpaka sakafu inaanza kulia kama kitanda cha kamba. Skrubu za inchi 2 kwa plaiwudi, za inchi 3 na nusu kwa fremu. Kimo cha sakafu kutoka chini kiwe sentimita 25 hivi. Chini ya hapo, ukumbi wenye viti vya usawa mmoja hautaona mikono; juu ya hapo, mtu wa tatu akisimama dirishani anabaki kifuani mwa Dereva badala ya usoni.

Magurudumu sita ya toroli, kipenyo inchi 4, mawili yawe na breki. Sakafu, viti na watu wawili vinakaribia kilo 250, kwa hiyo kila gurudumu liwe la kubeba kilo 80 au zaidi. Manne yanaweza kuubeba uzito huo, lakini plaiwudi italegea katikati.

Viti vinunue kwa wauza spea za magari, vya mbele, jozi moja, pamoja na reli zake za chini. Vifunge kwa bolti za spana 14 zinazopenya hadi kwenye mbao ya fremu, na washa pana chini. Acha sentimita 25 kati ya viti. Kila kiti kikigeuzwa kidogo kuelekea kingine, kama nyuzi 10, mwigizaji anaweza kumtazama mwenzake bila kuwapa watazamaji sikio.

Tatizo la viti vya gari ni kwamba vinameza sauti. Mtu anazama, tumbo linakunjwa, pumzi inafupika, na mstari wa tatu hausikii kitu. Simamisha mgongo wa kiti hadi nyuzi 100 hivi, halafu weka ubao wa milimita 12 juu ya springi, chini ya sponji. Tatizo linakwisha.

Usukani: wa kweli, juu ya bomba la chuma la inchi 1 na nusu, ukingo wake wa juu usipite kifua cha Dereva. Kati ya usukani na bomba weka washa mbili za mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli na ukaze nati mpaka usukani ugome kidogo. Usukani unaozunguka wenyewe kama feni unawachekesha watoto na kuwakera madereva. Dashibodi, kioo na milango achana navyo. Kila ubao unaouongeza mbele ya waigizaji unaficha mkono, na mikono ndiyo gari lenyewe.

Jambo moja linalosahaulika kila mara: gari letu ni la usukani wa kulia. Likiwatazama watazamaji, Dereva yuko kushoto kwao. Waigizaji waliolelewa na filamu za Marekani hukaa kinyume bila kujua.

Mwili ndio barabara

Magari haya mengi ni otomatiki. Hakuna klachi, mguu wa kushoto umelala, na mkono hauendi kwenye gia kila dakika. Dereva anayebadilisha gia tano akipanda Kitonga amelikosea gari. Atagusa gia kuondoka, kusimama na kurudi nyuma, basi. Kwenye mteremko mkali anaweza kuishusha iwe ya 2.

Gari likikata kona kushoto, miili inakwenda kulia. Waigizaji wapya hulalia upande wa kona, kama waendesha pikipiki. Breki inaupeleka mwili mbele, mwendo unaurudisha kitini. Kwenye tuta mwili unapanda na kushuka mara mbili, magurudumu ya mbele kisha ya nyuma. Kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, ni mtetemo mdogo wa mashavu na mabega, sekunde mbili. Waigizaji wote wawili waupokee kwa wakati mmoja. Wakipishana hata nusu sekunde, watazamaji wanaona watu wawili wanaoruka kwenye viti. Njia ya kuwaunganisha: mmoja pekee ndiye anayeanzisha, naye ni Dereva, kwa kuvuta pumzi fupi puani. Bibi anamsikiliza pumzi. Lifanyieni mazoezi dakika 15 kila siku, macho yakiwa yamefumbwa.

Barabara ikinyooka, mikono inasogea sentimita mbili au tatu tu kwenye usukani. Macho ya Dereva yakae kwenye doa moja juu ya vichwa vya mstari wa mwisho. Kumtazama Bibi kusizidi sekunde mbili: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 44 katika sekunde hizo, na mtazamaji anayeendesha gari ataanza kukanyaga breki kwenye kiti chake. Sheria hii ni zawadi. Sekunde ya tatu iwekwe akiba kwa mara moja tu, na kila mtu ukumbini ataihisi bila kujua kwa nini.

Kwa namna hiyo hiyo, wasisimame uso kwa uso mpaka Tunduma. Wakishuka Ruaha Mbuyuni kuwe na gunia la vitunguu kati yao. Iringa wakae ubavu kwa ubavu kwenye benchi.

Chakula: ndizi mbivu. Inamezeka haraka na haikaushi koo. Yai la kuchemsha linakausha mdomo, korosho zinaingia njia mbaya, na hindi la kuchoma linataka kutafunwa mara ishirini, halafu linabaki menoni mpaka mwisho wa mchezo. Hindi lishikwe tu, linukie.

Mtu wa tatu na pande mbili za barabara

Mwigizaji mmoja anatosha kuwa trafiki wawili, muuza vitunguu, mhudumu wa gesti, utingo wa basi la Songea na mpokeaji wa gari. Mpe sekunde 20 za kubadili, na kitu kimoja tu kwa kila mtu: ndoo, kofia, khanga, shati jeupe. Sare kamili ya polisi usishone. Shati jeupe na namna ya kuinama dirishani vinatosha. Watu wetu wanamjua trafiki kwa mwendo.

Zingatia pande. Tunaendesha kushoto na gari linaegeshwa kushoto, kwa hiyo wauzaji wanatoka pembeni mwa barabara, dirisha la Bibi: kulia kwa watazamaji. Trafiki anazunguka hadi kwa Dereva: kushoto kwa watazamaji. Ukizishika pande hizo tangu mwanzo, ikifika kituo cha nne mtu akitokea kushoto tu, ukumbi unanyamaza kabla hajafungua mdomo.

Sauti na mwanga, hata umeme ukikatika

Rekodi injini ukiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, simu imeviringishwa kitambaa juu ya dashibodi: dakika tano gari limesimama linanguruma, tano kwa mwendo wa 80, tano likipanda mlima. Spika iwekwe chini ya sakafu ya gari, isiwe pembeni mwa ukumbi, ili mbao zitetemeke na waigizaji waisikie kwa makalio. Anza kwa sauti ya juu sekunde 8, ishushe polepole kwa sekunde 15, na baada ya dakika moja izime kabisa. Sikio litaendelea kuisikia lenyewe. Kundi linaloacha injini ilie mchezo mzima hulazimika kupiga kelele kila mstari, na urafiki haupigiwi kelele.

Mlango usiuweke kwenye rekodi. Kitasa cha kweli cha mlango wa gari, kilichofungwa kwenye ubao nyuma ya pazia, mikononi mwa mtu wa tatu, kinaweza kungoja mkono wa mwigizaji. Rekodi haingoji.

Taa: mbili kubwa za LED za wati 50, zile za getini, kwenye vyuma vya kimo cha mita 3, pembe ya mbele kushoto na kulia. Mchana wa bondeni utumie nyeupe ya njano, usiku wa Iringa funika moja kwa nailoni ya buluu na zima nyingine. Magari yanayokuja usiku ni tochi ya mkononi: inaanzia katikati mbele ya waigizaji, inapita usoni kwao na kutokea upande wa Dereva kwa sekunde moja na nusu. Upande wa Dereva daima, maana ndiko wanakopishana nayo. Nne au tano zinatosha.

Baridi nayo ni mwanga wa aina yake. Kuanzia Iringa hadi Makambako hewa inabadilika, hasa Juni na Julai, na mtu aliyetoka Dar na shati moja anaumbuka. Khanga ya pili ya Bibi, ile ambayo tangu Kibaha imefunika begi, sasa inapata mtu wa kumfunika. Maleba mengine yote yanaweza kubaki yalivyo.

Umeme ukikatika: spika ya betri iliyochajiwa, taa nne za sola, na makubaliano kuwa waigizaji hawaachi kuzungumza. Gari lililozimika usiku barabarani ni jambo la kawaida. Dereva aseme tu "Taa zimekufa," na mwende.

Mazoezi: wiki sita

Siku tano kwa wiki, saa tatu kila siku, jumla saa 90. Wiki ya kwanza kusoma mezani na kujaza daftari la mali. Mwisho wa wiki waigizaji wapande basi hadi Chalinze, wakae viti vya mbele, waandike miili inafanya nini, si wanachokiona nje. Wiki ya pili viti vya plastiki na sahani badala ya usukani. Wiki ya tatu gari liwe limefika. Likichelewa, waigizaji watakuwa wameshajifunza mwili wa kiti kingine, na kuwafundisha upya kunakula siku nne. Wiki ya nne mtu wa tatu anaingia. Ya tano sauti na taa. Ya sita mapito kamili manne, mchezo mzima mwanzo hadi mwisho, mawili mbele ya watu wasiolijua andiko.

Katika mapito hayo, msimamizi wa jukwaa asitazame jukwaa. Atazame watu, na aandike dakika wanayobadilisha mkao. Wakibadilisha mkao wengi kwa pamoja kati ya Morogoro na Mikumi, mnaongea mno hapo.

Bibi aigizwe na mwanamke mtu mzima ikiwezekana. Kama hakuna, kiti kitakusaidia: hatembei, kwa hiyo mgongo uliopinda hauhitajiki, wala unga kichwani. Umri uwe kwenye vidole, namna ya kufungua kifuniko cha chupa, na kuvua miwani kabla ya kupokea simu.

Kibali na safari

Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na jina lenyewe linasema: michezo ya jukwaani imo. Pelekeni andiko mapema, kabla ya kuchapa matangazo, na anzieni kwa Afisa Utamaduni wa wilaya mtakayoonyesha. Atawaambia la Bodi ya Filamu na la BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Andiko lisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina ya waliolitunga kweli, na mgawane asilimia kwa maandishi siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnapendana.

Gari linasafiri likiwa vipande vitano: viti viwili, usukani na bomba lake, sakafu, na buti. Fungua bolti, usivunje skrubu. Kila bolti irudishwe kwenye tundu lake na ikazwe kwa vidole, maana mfuko wa bolti ndio kitu cha kwanza kupotea. Sakafu ilazwe chini kabisa, magurudumu juu, viti juu yake vikitazamana. Beba spana 14 mbili, bisibisi, skrubu 20 za ziada, gundi ya mbao na tyubu ya baiskeli. Mkifika, kabla ya kufunga kiti hata kimoja, sukumeni sakafu tupu jukwaani mara tatu kutoka pembeni hadi katikati. Ikikwama kwenye ufa wa mbao, badilisheni mahali pa kulisimamisha gari sasa hivi, saa nane mchana, ukumbi ukiwa bado mtupu.